Mbwa Mgeni Hafundishwi kwa Risasi

Ndugu zetu askari na polisi, katika safu hii tumezoea kuzungumza nanyi juu ya nidhamu, juu ya heshima ya sare, na juu ya uhusiano wetu na wananchi tunaowalinda. Leo tumeamua kuyazungumza mambo hayo hayo matatu kwa kupitia mlango ambao pengine wengine watauona mdogo, nao ni mlango wa mbwa. Tunawaomba msicheke upesi. Atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba ndani ya jambo hili imo roho ya mtoto wa jirani, imo heshima ya kambi, na imo kazi ambayo baadhi yenu mtakabidhiwa siku moja kama si leo.

Tuanze na kisa. Katika mji wa Gitega mwenzetu mmoja mwenye cheo cha sajini alipewa mbwa na mgeni aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Hakuwa mbwa wa kawaida. Alikuwa mbwa wa mbio wa aina ya grehaundi, mrefu wa miguu, mwembamba wa kiuno, mpole kupita kiasi awapo nyumbani. Sajini alifurahi. Kesho yake alfajiri alimfunga mkanda wa kawaida shingoni, akampitisha barabarani kama mtu anayeonyesha baiskeli mpya. Hawakufika mbali. Mbwa watatu wa maboma ya jirani walitoka wakibweka. Mgeni alirudi nyuma, kichwa kikachomoka katika mkanda, na kabla sajini hajafumbua kinywa mbwa alikuwa ameshapotea kwenye kona. Katika kukimbizana huko mtoto mmoja aliyekuwa akienda kuchota maji aliangushwa, akavunjika jino. Mbwa alirudishwa jioni, amechanika ubavuni kwa meno ya wenzake.

Siku ya tatu barua ya wakazi ilifika mezani petu, maana kazi yetu ni kupokea malalamiko ya wananchi. Barua iliomba mambo mawili: sajini alipe gharama za mtoto, na mbwa apigwe risasi. La kwanza lilikuwa haki, nalo lilitekelezwa bila mabishano. La pili ndilo lililotufanya tukae na kufikiri, kwa sababu katika mjadala uliofuata tuligundua kwamba hata miongoni mwetu wenye sare wengi waliona risasi kuwa jibu la kwanza, wala si la mwisho. Sajini mwenyewe alitwambia kwa unyonge: "Afande, mbwa huyu hafai. Hajui kuishi na wenzake." Nasi tulimjibu kwa swali: ni nani aliyemfundisha akakataa kujifunza?

Hilo ndilo swali la makala haya. Maoni yetu tunayasema wazi tangu mwanzo. Mbwa mgeni, awe wa mbio, wa doria au wa kuokotwa njiani, anaweza kufundishwa kukutana na mbwa wengine kwa amani, kwa muda wa majuma machache, bila fedha nyingi. Na askari anayechukua mbwa bila kumfundisha hilo amepokea silaha bila kusoma namna ya kuifunga usalama.

Kwanza tuelewe tatizo linatoka wapi. Mbwa wa mbio huzaliwa na kulelewa katika mabanda pamoja na mbwa wa aina yake peke yao. Hula nao, hulala nao, hukimbia nao. Siku anapostaafu na kukabidhiwa mwenye nyumba, aghalabu hajapata kuona mbwa mfupi, mbwa mwenye manyoya mengi, wala mbwa mwenye masikio yaliyolala. Kwake hao ni viumbe wasiojulikana: pengine adui, pengine windo. Mbio zake hupita kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo akikuponyoka humfikii. Shingo yake haipishani sana na kichwa chake kwa unene, ndiyo maana mkanda wa kawaida humvuka kwa urahisi. Wanaowajua mbwa hawa huwafunga mkanda mpana unaojikaza kidogo anaporudi nyuma. Na ngozi yake ni nyembamba, hupasuka kwa jino ambalo mbwa wetu wa kienyeji asingelijali.

Lakini tusidhani kwamba tatizo hili ni la mbwa wa Ulaya tu. Wataalamu wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu walichokitoa mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya utafiti, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu, kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 12 ya maisha yake, ambacho ndani yake hujifunza ni nani wa kumzoea na ni nani wa kumwogopa. Mbwa aliyefungiwa banda moja wakati huo, hata awe mchungaji wa Kijerumani au mbwa wa kilimani kwetu, hukua akiwa hana lugha ya kusalimiana na wageni. Mlango huo ukishafungwa haufunguki tena kwa siku moja. Hata hivyo hufunguka kidogo kidogo kwa mkono wenye subira.

Upande wa pili wako wenyeji. Nchi yetu haina vijiji vya kubanana kama nchi nyingine. Kila boma, au rugo kama tusemavyo kwetu, limekaa peke yake juu ya kilima, na mbwa wa boma hujua mpaka wake kama mlinzi ajuavyo lindo. Anapomwona mbwa mgeni akipitishwa mbele ya lango, hafanyi uhalifu. Anafanya kazi aliyowekewa. Basi askari anayempitisha mbwa wake katikati ya maboma kumi bila maandalizi amempitisha mbele ya walinzi kumi bila neno la siri. Asishangae wakimsimamisha.

Sasa tuseme inavyofanyika. Haya tunayoyaandika hatukuyatunga mezani. Mengi tuliyapata kwa koplo mmoja wa huko Muyinga aliyewahi kufanya kazi karibu na waongozaji wa mbwa wanaonusa milipuko mjini Mogadishu. Ndugu zetu waliohudumu Somalia, tangu kikosi chetu cha kwanza kilipokwenda mwaka 2007 hadi ujumbe wa ATMIS ulipomalizika mwezi wa Desemba 2024, watawakumbuka mbwa wale: hupita katikati ya umati, magari na mbwa koko, wala hawageuzi shingo. Koplo aliporudi nyumbani alimchukua mbwa wa kienyeji aliyeachwa na wasafiri karibu na mpaka wa Kobero, mbwa aliyekuwa akitaka kupigana na kila chenye mkia. Alimfundisha kwa hatua, na hatua zenyewe ndizo hizi.

Hatua ya kwanza ni kungoja. Mbwa mgeni apewe siku chache za kukaa, kula na kulala, ajue sauti ya bwana wake na harufu ya nyumba. Kabla hajakaribiana na mbwa yeyote achanjwe, na baada ya chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa ipite karibu mwezi mmoja ili mwili upate kinga. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa mgeni, jembe lingoje kidogo. Muda huo haupotei bure, maana ndani yake hufundishwa mambo mawili tu: kugeuka na kumtazama bwana wake anapoitwa jina, na kutembea kamba ikiwa imelegea.

Hatua ya pili ni umbali. Achukuliwe mahali anapoweza kuwaona mbwa wengine kwa mbali bila kukakamaa. Kwa mbwa mmoja umbali huo utakuwa mita 20, kwa mwingine mita 100. Kipimo si mguu wa askari, bali mwili wa mbwa mwenyewe. Anapomwona mwenzake na bado anaweza kukubali kipande cha chakula mkononi mwako, umbali unatosha. Anapokataa chakula na kukodoa macho, umekaribia mno, rudi nyuma. Kila amwonapo mbwa mwingine na kutulia apewe kitu kidogo cha kutafuna, hata kama ni kipande cha muhogo uliochemshwa vizuri au cha dagaa. Baada ya siku kadhaa mbwa huanza kufikiri kwamba kuonekana kwa mbwa mwingine ni habari njema, na badala ya kubweka humgeukia bwana wake kudai haki yake.

Hatua ya tatu ni kutembea ubavu kwa ubavu. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Hudhani kwamba kufahamiana ni kuwekwa uso kwa uso, pua kwa pua, kama mabondia wawili kabla ya kengele. La hasha. Mbwa wawili wenye adabu hawaendeani moja kwa moja. Hukaribiana kwa mzunguko, huepushana macho, hunusana nyuma kabla ya mbele. Basi tafuta mbwa mmoja mzee, mtulivu, mwenye mtu anayemjua. Koplo wetu alitumia jike mzee wa jirani yake. Watu wawili na mbwa wawili walitembea kuelekea upande mmoja, kila mbwa upande wa nje, watu katikati, nafasi ya upana wa barabara kati yao. Siku ya kwanza walitembea hivyo, wakaagana. Siku ya nne nafasi ilipungua. Siku ya nane mbwa mmoja alipitishwa nyuma ya mwenzake ili anuse nyayo na harufu. Ni katika juma la tatu ndipo waliporuhusiwa kukaribiana.

Sisi tuliopita chuo cha makadeti tunaufahamu mwendo huu. Kuruta waliotoka mikoa mbalimbali, wasiojuana na pengine wasioaminiana, hawakuwekwa chumbani waambiwe wapendane. Waliwekwa katika mstari mmoja, wakaambiwa waende mbele kwa hatua moja. Urafiki ulikuja baadaye, na ulikuja wenyewe.

Hatua ya nne ni salamu fupi. Kamba zilegezwe, kwa maana kamba iliyokazwa humwinua mbwa kifua, humnyima nafasi ya kugeuza kichwa, na humpasha habari kwamba bwana wake mwenyewe ana hofu. Wanusane kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, kisha kila mtu amwite wake kwa furaha na kuondoka. Salamu fupi zilizokwisha vizuri mara kumi zina faida kuliko salamu ndefu moja iliyokwisha kwa damu. Wasikutanishwe langoni, wasikutanishwe mbele ya chakula, wala wasikutanishwe kwenye uchochoro ambao hauna njia ya kutokea.

Katika hatua zote hizi askari awe msomaji. Mbwa husema kwa mwili wake, nasi tusiojua kusoma tunangoja mpaka aseme kwa meno. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akigeuza uso pembeni, anaomba nafasi, mpe. Akificha mkia katikati ya miguu, amezidiwa, mwondoe. Akifunga kinywa ghafula, akakakamaa, akakaza macho na nywele za mgongoni zikasimama, usingoje zaidi. Geuka naye, ondoka kwa mwendo wa kawaida. Kwa mbwa wa mbio iko alama nyingine ya kuangaliwa: akiinama na kumfuata kwa macho mbwa mdogo, paka, kuku au mwanambuzi, huyo hasalimii, anawinda. Mbwa wa namna hiyo avalishwe kikapu cha mdomo awapo njiani, wala haimvunjii heshima, kama vile ala haiuvunjii heshima upanga.

Na jambo moja lisifanywe kamwe, nalo ni kumpiga mbwa kwa sababu amebweka mbele ya mbwa mwingine. Mbwa hafahamu kwamba amepigwa kwa kubweka. Anachofahamu ni kwamba kila atokeapo mbwa mwingine, maumivu hufuata. Kesho atabweka mapema zaidi, na keshokutwa atauma bila kubweka, kwa kuwa tumemfundisha kuficha onyo lake. Tumewaona mbwa wa namna hiyo. Watu husema wameuma ghafula. Kwa kweli walionya muda mrefu mpaka wakanyamazishwa.

Ndugu msomaji, pengine unajiuliza kwa nini gazeti la taifa litumie nafasi hii kwa mambo ya mbwa, na wananchi wana shida zao. Jibu ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Makadirio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2015 yanasema kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Watoto wa chini ya miaka 15 ndio wanaoumia zaidi, wapatao 4 katika kila 10. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu karibu hauna kupona. Lakini kabla ya dalili unazuilika: jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo akapate chanjo. Kila askari ayajue haya kama anavyojua kufunga kidonda cha risasi. Anaweza kuwa mtu mzima pekee aliye karibu mtoto anapoumwa.

Na ugonjwa huu hupita wapi, kama si katika makutano ya mbwa kwa mbwa? Kila ugomvi wa njiani kati ya mbwa asiyechanjwa na mbwa asiyejulikana ni mlango. Ndiyo maana tunasema kumfundisha mbwa kupishana na wenzake si anasa ya wenye nafasi. Ni sehemu ya ulinzi. Wala si kichaa peke yake. Mwaka 1994, katika hifadhi ya Serengeti ya majirani zetu wa Tanzania, karibu theluthi moja ya simba walikufa kwa ugonjwa uitwao distempa, ambao chanzo chake kilielekezwa kwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vya pembezoni. Nasi tunayo Ruvubu, mbuga yetu kubwa, ambayo maeneo ya Muyinga yamepakana nayo. Mbwa wanaopitishwa kando ya mbuga bila chanjo wanaweza kuwadhuru wanyama ambao taifa limewatunza kwa miaka mingi.

Hapa tunafika kwenye risasi. Wako wanaosema: kwa nini tuhangaike, mbwa wa mtaani wapigwe wote, mambo yaishe. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na tunaijibu kwa mifano. Katika kisiwa cha Flores huko Indonesia, kichaa cha mbwa kilipoingia mwaka 1997, mbwa wengi mno waliuawa, na ugonjwa haukuondoka. Wananchi waliwaficha mbwa wao, wengine wakawahamisha, wengine wakaleta wapya mahali pa waliokufa, na ugonjwa ukasafiri pamoja nao. Tazameni kwa upande mwingine kisiwa cha Pemba. Huko mbwa walichanjwa kwa kampeni zilizoanza mwaka 2010, na ifikapo mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Ulipoingia tena mwaka 2016, walirudi kwenye chanjo, wakaukata mara ya pili. Wataalamu wanasema kuchanja mbwa 70 katika kila 100 kunatosha kuuzuia ugonjwa usienee. Hakuna hesabu ya risasi inayofanya kazi hiyo.

Tena iko sababu ya kiaskari. Mbwa aliyemuuma mtu, kama anaweza kufungwa salama, ni shahidi. Akizuiwa na kuangaliwa kwa siku 10 akabaki mzima, twajua kwamba siku alipouma hakuwa na kichaa mateni. Akifa, ubongo wake hupimwa. Askari anayemfyatulia risasi ya kichwa ameua shahidi na kuharibu ushahidi kwa pamoja. Hatusemi kwamba risasi haina siku yake. Mnyama mwenye kichaa anayeshambulia watu lazima azuiwe kwa njia yoyote iliyopo. Tunasema tu kwamba siku hiyo isiwe kila siku.

Hoja ya pili tunayoisikia ni ya wale wanaoamini kwamba mbwa aliyezoeshwa wenzake huwa mwoga, na kwamba mlinzi bora ni yule anayetaka kurarua kila kipitacho. Hawa tunawaomba watazame kazi za mbwa katika ukanda wetu. Polisi ya Kenya ina kikosi cha mbwa tangu mwaka 1948. Tanzania inacho kikosi chake cha mbwa na farasi. Katika mbuga ya Virunga, mashariki ya Kongo, mbwa wanusaji wamekuwa wakiwafuata majangili tangu mwaka 2011, na katika viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki mbwa waliofundishwa Usa River, karibu na Arusha, wamefanya kazi ya kunusa pembe za ndovu zilizofichwa katika mizigo. Hakuna hata mmoja wa mbwa hao anayeweza kufanya kazi yake akiwa anageukia kila mbwa koko. Mbwa anayepigana na wenzake amesahau lindo. Ukali usio na amri, kwa mbwa kama kwa askari, ni udhaifu uliovaa kofia ya ushujaa.

Tuzungumze pia juu ya watu, maana barabarani mbwa hakutani na mbwa peke yao. Muyinga, mji ambao tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 umo katika mkoa wa Buhumuza, una Waislamu wengi, na Kiswahili chake ni cha zamani. Waislamu wa pande zetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Yakigusa chombo, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu aliyekwisha kutawadha na kushika njia ya msikitini, akiguswa na pua mbichi ya mbwa wa askari, amerudishwa nyumbani akajitakase upya. Dini hiyo hiyo haikukataza mbwa wa ulinzi wala wa kuwinda, kwa hiyo ugomvi haupo, isipokuwa askari akiuleta. Koplo wetu alituambia namna alivyofanya: alikwenda kwa imamu, akaeleza saa anazomtembeza mbwa, akauliza saa za kuziepuka. Tangu siku hiyo hapiti barabara ya msikiti nyakati za sala, na akikutana na mzee amevaa kanzu humhamishia mbwa upande wa pili na kumpa mzee njia, kwa maneno haya: "Shikamoo mzee, pita salama." Wahenga walisema ukimzoea mbwa atakufuata msikitini. Mwenzetu amemzoea mbwa, na hafiki msikitini. Ni suala la kamba na adabu.

Turudi Gitega. Sajini alipewa siku 30. Jambo la kwanza, mbwa alitibiwa jeraha, akachanjwa, akashonewa mkanda mpana na fundi wa viatu. Majuma mawili ya kwanza hakukaribiana na mbwa yeyote. Alitembezwa alfajiri kwenye uwanja mtupu, na jirani mwenye mbwa akisimama upande wa pili. Sajini alilalamika kwamba kazi ni ya kuchosha kuliko lindo. Tulimwambia kwamba ndiyo, na kwamba lindo hili alilichagua mwenyewe. Ilipofika siku ya 30 alipitishwa mbele ya maboma yale matatu. Mbwa wa maboma walitoka, wakabweka kama desturi. Mgeni alisimama, akatetemeka kidogo, akamgeukia bwana wake kudai kipande chake cha dagaa. Wakaendelea na safari.

Hatusemi kwamba mambo yote yamekuwa shwari. Mbwa yule bado hawezi kuachwa huru, na pengine hataweza kamwe, kwa sababu ya mbuzi na kuku wa watu. Mama wa yule mtoto aliyevunjika jino bado huvuka barabara anapomwona, na ni haki yake. Sajini naye sasa huvuka kwanza ili mama asilazimike kuvuka. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo somo kubwa kuliko yote aliyojifunza mbwa.

Basi tunamaliza kwa kuwaomba wakuu wa vikosi na vituo mambo manne. Mosi, asiingie mbwa kambini wala nyumbani kwa askari bila chanjo na bila karatasi ya daktari wa mifugo. Pili, kila mbwa awe na mtu mmoja anayejulikana, mwenye kubeba dhamana yake mbele ya raia. Tatu, mbwa wa mwenye sare asionekane barabarani bila kamba imara na mkanda usiovuka kichwa. Nne, muda wa kumzoesha mbwa mgeni wenzake uhesabiwe kuwa kazi, usihesabiwe kuwa mchezo wa mtu asiye na shughuli.

Mwananchi hatusomi katika magazeti peke yake. Hutusoma barabarani asubuhi, anapotuona tukipita na kitu chenye meno mikononi mwetu, iwe bunduki au mbwa. Akiona kwamba kimeshikwa vizuri atatupa salamu na kuendelea na shughuli zake. Tumpe sababu ya kutusalimu.